Swali Aliloulizwa Hajiri



Siku ya kupima mimba, ile tuliyozoea kuiita CPN, akina mama wa Bafwasende hufika kwenye kituo cha afya umande ungali kwenye majani. Kuna waliovuka mto Lindi kwa mtumbwi, kuna waliotembea tangu alfajiri kando ya barabara, kitenge kimefungwa juu ya tumbo na mtoto mwingine ameshikwa mkono. Wanakaa kwenye benchi, wanaamkiana, wanasaidiana kumbembeleza anayelia. Kisha wanaitwa mmoja mmoja. Mama anapanda kwenye mizani. Mkono wake unafungwa mpira wa kupimia presha. Utepe unapita juu ya tumbo. Mwuguzi anachukua ile pembe ndogo ya kusikilizia, anaitegesha tumboni, anaweka sikio, na kwa kitambo kidogo chumba kizima kinanyamaza akihesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Halafu vidonge vitatu vya fansida vinamezwa palepale mbele yake kwa kikombe cha maji. Sindano ya pepopunda. Chandarua, kama kipo. Tarehe ya kurudi inaandikwa kwenye fishi.

"Haya mama, mtoto yuko sawa. Utarudi mwezi ujao."

"Asante, mganga."

Kazi hii naiheshimu sana. Wauguzi wetu huifanya wakiwa wachache, vifaa haba, mshahara ukichelewa, na watoto wengi wanaokimbia leo uani mwa kanisa wako hai kwa sababu ya vidonge hivyo vitatu na pembe hiyo ndogo. Ila katika yote yanayopimwa asubuhi hiyo, mara nyingi halimo swali la mama mwenyewe. Yuko namna gani ndani yake? Analala? Moyo wake umetulia, au unakimbia hata akiwa amekaa? Na akiulizwa kwa haraka, kalamu ikiandika na benchi bado limejaa, anajibu kama tulivyozoea sote kujibu: niko muzuri. Anasema hivyo huku vidole vyake vikikunja pindo la kitenge, vikilikunjua, vikilikunja tena.

Tukae naye kidogo mama huyu. Pengine mwaka jana alizaa mtoto ambaye hakulia. Pengine dada yake alishikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha, akapakiwa kwenye pikipiki kuelekea hospitali, na damu haikungoja wafike. Mume wake yuko kwenye chimbo la dhahabu msituni, miezi sasa, na habari zake zinaletwa na wapita njia. Kisangani ni mbali, kama kilomita 260 kwa Barabara ya Taifa namba 4, na kila aliyewahi kukwama upande wa Bafwaboli anajua mvua inavyoigeuza njia hiyo. Iko pia kumbukumbu ya nyakati ambazo watu wenye silaha walitokea, na kijiji kizima kikaenda kulala porini, wenye mimba wakiwamo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba katika nchi yetu akina mama 846 hufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mama huyu haijui tarakimu hiyo. Anajua majina.

Kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani, na hatutaanza kwa kumwambia aache kuogopa. Wasiwasi kidogo wakati wa mimba ni jambo la kawaida, tena una kazi yake: humkumbusha mama tarehe ya kliniki, humfanya aweke akiba ya franka chache, atafute nguo za mtoto mapema. Lakini upo wasiwasi mwingine ambao hauna saa ya kupumzika. Unakuja asubuhi, unabaki mchana, usiku unazidi. Majuma mawili yanapita, matatu, na haujaondoka. Chakula hakishuki. Kifua kinabana, mikono inatetemeka, moyo unapiga kama mtu anayefukuzwa. Mtoto akishazaliwa, mama haamini kwamba anapumua. Anaamka kumgusa pua mara kumi kwa usiku mmoja. Mtoto amelala, bibi amelala, yeye macho yako kwenye paa la nyumba. Mwingine hathubutu kumpa mtu yeyote ambebe. Mwingine anaacha kabisa kwenda kliniki, kwa kuogopa habari atakayopewa huko.

Je, umewahi kuwa huko, mpendwa? Au yuko mtu nyumbani mwako aliyeko huko sasa, naye kila ukimwuliza anasema yuko muzuri?

Katika Maandiko nimemtafuta mwanamke wa kwanza mwenye mimba kuulizwa habari zake, nikamkuta Hajiri, kijakazi wa Sarai. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, kinasimulia. Ameteswa nyumbani, amekimbia, yuko peke yake jangwani na mimba yake, kando ya chemchemi iliyo kwenye njia ya Shuri. Hapo malaika wa Bwana anamkuta. Mungu anayejua yote hakuwa na haja ya kuuliza chochote. Angeweza kuanza na amri, au na ahadi. Alianza kwa kumwita Hajiri kwa jina lake, kisha akataka kujua ametoka wapi na anakwenda wapi.

Naomba usipite hapo haraka. Hajiri aliulizwa mambo mawili, akajibu moja tu. Alisema anamkimbia bibi yake. Anakokwenda hakukusema, maana hakukuwa na mahali. Wala malaika hakumkemea kwa jibu la nusu. Alilipokea, akaendelea kusema naye kuanzia pale alipoweza kufika. Ndipo Hajiri, mtumwa, mgeni, mwenye mimba aliyeteswa nyumbani, akampa Mungu jina: ni Mungu anayeona. Kisima kile kikaitwa kwa jina hilo. Najua katika mazungumzo hayohayo aliambiwa arudi kwa Sarai, na jambo hilo huwasumbua wasomaji wengi, mimi pia. Sidhani kwamba limeandikwa ili leo tumrudishe mama kwenye nyumba anakopigwa. Anayepigwa anahitaji kwanza mahali salama. Ninachokishika katika habari hii ni mwanzo wake. Kabla ya neno lolote lingine, aliulizwa, na jibu lake likasubiriwa.

Linganisha na kuhani Eli kule Shilo. Mwanamke aitwaye Hana anasali kwa uchungu wa kukosa mtoto, midomo inacheza, sauti haitoki. Eli anamtazama kinywa na kuamua mara moja: huyu amelewa. Hakuuliza, alipima kwa macho. Lakini Hana alipojieleza kwa heshima, mzee yule alibadilika, akambariki, na mama akaenda zake akala chakula, uso wake ukiwa mwingine. Angalia kilichobadilika mchana ule. Mtoto alikuwa bado hajapatikana. Hana alikuwa amesikilizwa, basi.

Sasa nikupe habari za watu wa zama zetu waliojaribu kuifanya kazi hii ya kuuliza iwe desturi ya kliniki.

Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Aliwafuatilia akina mama wajawazito 263 wa vijiji vya jirani na Kampala, upande wa Kasangati. Huko Buganda alikuta watu wana jina la ugonjwa wa akili unaompata mzazi baada ya kujifungua, amakiro, na wengi waliamini unaletwa na uzinzi wa mama au wa baba wakati wa mimba. Fikiri mzigo huo. Mama amechanganyikiwa, na pamoja na ugonjwa anabebeshwa aibu. Cox alirudi Uingereza, na mwaka 1987, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, akatoa maswali kumi mafupi yanayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo yanatumika katika nchi nyingi. Mama anaulizwa kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla haipiti 30. Yalitungwa hasa kwa ajili ya sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, lakini la tatu, la nne na la tano yanagusa wasiwasi: kama mama amejilaumu pasipo haja mambo yalipoharibika, kama amekuwa na wasiwasi, kama ameshikwa na hofu ya ghafla. Swali la kumi linahusu mawazo ya kujidhuru, na hilo jibu lake likiwa ndiyo, hata ndiyo ndogo, haliachwi mpaka kesho. Mengine yako mafupi zaidi. Kuna maswali mawili tu ya majuma mawili yaliyopita, moja kuhusu kuwa na roho juu na moja kuhusu kushindwa kuyazuia mawazo, nayo yanatosha kumwonyesha mwuguzi nani wa kukaa naye zaidi.

Alama hizo hazimwambii mtu kwamba yeye ni mgonjwa. Zinasema: mama huyu usimwache aondoke bado, vuta kiti, zungumza naye. Na mwuguzi mwenye hekima atakumbuka pia kwamba upungufu wa damu na malaria huweza kuupeleka moyo mbio. Atamtazama kope na kumpima homa, na bado atamsikiliza.

Watu wa kwetu hawakukaa kando katika jambo hili. Mwaka 2008 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Kinshasa. Kabla ya kumpa mama yeyote maswali yaliyotoka nje, waliwauliza wenyeji wenyewe mzazi hupatwa na shida gani. Wakaelezwa hali iitwayo maladi ya souci, ambayo dalili zake zilikuwa karibu sana na zile ambazo madaktari wanaziita sonona baada ya kujifungua. Ndipo maswali, pamoja na yale kumi ya Edinburgh, yakarekebishwa na kupimwa kwa akina mama wa pale. Utaratibu huo naupenda, maana maswali ya Edinburgh yanauliza juu ya hofu isiyo na sababu ya maana. Mama wa Bafwasende aliyezika mtoto mwaka jana atajibuje hilo? Sababu anayo. Akijibu kwa uaminifu kwamba anaogopa kwa sababu, anaweza kupata alama ndogo na kurudi nyumbani na hofu yake yote. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Swali lisemwe kwa Kiswahili cha nyumbani, au kwa Kibali, au kwa Lingala, lugha ile mama anayolilia, na anayeuliza awe tayari kungoja kimya kipite.

Lakini hapa najua wengi wenu mtasimama. Mchungaji, mtaniambia, tuulize ili iweje? Daktari wa akili yuko wapi? Dawa ziko wapi?

Swali hilo ni la haki. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 juu ya huduma kwa mzazi, linashauri akina mama waliojifungua wapimwe sonona na wasiwasi, tena linaweka sharti kwamba upimaji uende pamoja na huduma kwa atakayeonekana kuhitaji. Kumfungua mtu moyo kisha kumwacha wazi ni kumwongezea jeraha. Shirika hilo linakadiria kwamba katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Wote hao hatuwezi kuwapeleka Kisangani.

Ila sikiliza kilichofanyika Rawalpindi, Pakistani, katika hospitali ya serikali yenye msongamano kama zetu. Watafiti waliwachukua wajawazito 1,200 waliokuwa na dalili za wasiwasi. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walikutana, kila mmoja kwa zamu yake, na vijana waliokuwa wamemaliza shule ya saikolojia lakini hawajawahi kutibu mtu. Vijana hao walifundishwa kumsaidia mama alitambue wazo linalomtisha, alichunguze, atafute namna nyingine ya kulitazama na jambo moja dogo la kufanya kabla ya kukutana tena. Vikao havikuwa vingi. Majibu yalichapishwa mwaka 2024: majuma sita baada ya kujifungua walipimwa tena 755 kati yao, na katika kila akina mama 100 waliozungumzishwa, 9 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali; katika wale wengine, 27. Waliozungumzishwa hawakupewa dawa mpya. Walipewa mtu aliyefundishwa kusikiliza, naye akarudi tena na tena.

Huko kurudi tena na tena, ndugu yangu, sisi tunakujua. Ni uaminifu wa kila siku ambao Bwana ametufundisha, na Bafwasende ina watu wake. Kuna reko wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu vyandarua. Kuna umoja wa akina mama wa parokia, kuna mashemasi na wake zao, kuna mkunga ambaye kila mtoto wa mtaa amepita mikononi mwake. Hawa wakifundishwa maswali machache, na wakajua ni lini jambo limewazidi na lipelekwe hospitali kuu, huduma imekwisha kuanza. Namwomba mganga mkuu wa zone ya afya na wakuu wa makanisa yetu wakae meza moja juu ya hili. Majengo mapya hayahitajiki.

Neno moja kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu linatugusa sisi tunaosali. Mama mwenye wasiwasi anapokuja kanisani, mara nyingi huambiwa aongeze imani. Wakati mwingine anapangiwa mfungo, naye ana mimba ya miezi saba. Wakati mwingine jirani anatajwa kuwa mchawi, na hofu moja inazaa nyingine mbili. Wanaofanya hivyo wengi wanampenda, wanampa walichonacho. Lakini mwuguzi akikuta presha ya mama imepanda, haulizi ni dhambi gani ameitenda. Anaandika, anampa dawa, anamwambia arudi Jumatatu, na sisi tunamwombea huku akimeza dawa. Kwa nini moyo unaokwenda mbio upewe hukumu mahali ambapo mkono wenye presha ulipewa huduma? Mama mjamzito asifunge. Aombewe, ale, alale, na kliniki aende.

Na wewe mama unayesoma haya kwa siri, labda iko aibu nyingine ambayo hujamwambia mtu. Umemzaa mtoto mzuri, watu wanaimba, wanaleta kuku na ndizi, na wewe husikii furaha. Au wazo baya linapita kichwani ghafla: unajiona unamwangusha mtoto mtoni, na mwili wote unasisimka kwa hofu, unaanza kujiuliza wewe ni mama wa namna gani. Nakuambia kwa upole yale ambayo wanaotibu akina mama wanayajua: mawazo ya namna hiyo huwapata wazazi wengi wenye wasiwasi, na kule kutishika kwako kunaonyesha kwamba hutaki yatokee. Hukuyachagua. Usijihukumu kwa ajili yake, na usiyafiche, mwambie mkunga. Msamaha ambao umewapa wengine maisha yako yote, hebu jipe na wewe kidogo.

Wapo pia wa kusamehewa nyumbani. Mama mkwe aliyesema kwamba wao walizaa tisa na hawakuwa na mambo haya, pengine na yeye aliogopa katika zile mimba tisa na hakuulizwa na mtu hata mara moja. Mume aliyekaa kimya, pengine ukimya wake ni hofu yake. Kuwasamehe hakukuzuii kuwaambia wazi unachohitaji: usiku mmoja wa kulala saa tano mfululizo, mtu wa kuchota maji, mtu wa kutwanga sombe, mtu wa kukaa tu. Mariamu alipopata mimba yake ya kutisha alikwenda kwa Elisabeti milimani, akakaa huko kama miezi mitatu. Luka haandiki kwamba Elisabeti alimhubiria. Walikuwa wawili wenye mimba katika nyumba moja, mmoja mzee na mmoja binti, wakihesabu siku pamoja. Je, yuko binti katika familia yako anayehitaji miezi mitatu ya namna hiyo?

Nanyi akina baba, msikae nje ya jambo hili kana kwamba ni la wanawake. Ukiwa kwenye chimbo, mtume mtu na habari zako kila anapopatikana wa kumtuma. Mke wako anahesabu siku za kimya chako. Ukiwa nyumbani, msindikize kliniki. Usiku ukimkuta macho, usimwambie alale tu. Mwulize anaogopa nini. Akijibu nusu, ipokee nusu.

Liko jambo ambalo halingoji tafakari. Mzazi akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akisema maneno yasiyoshikana, akikaa siku mbili au tatu bila usingizi na bila kuonyesha uchovu, au akisema afadhali afe, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msimfunge kamba, msimpige, msimwache peke yake, na mtoto awe na mtu wa kumtunza karibu naye. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Si uzinzi wa mtu, si laana ya ukoo.

Mpendwa mwuguzi, kama maneno haya yamekufikia, najua benchi lako limejaa. Sikuombi maswali kumi kwa kila mama kuanzia Jumatatu. Nakuomba mawili, ukiwa umeiweka kalamu chini: siku hizi roho yako imekuwa juu? Mawazo unaweza kuyazuia, au yanakushinda? Uyaulize wakati wa mimba, uyaulize tena mama anaporudi na mtoto kwa chanjo ya juma la sita, maana wengi hofu huwashika baada ya wageni kuondoka. Na jibu uliandike kwenye fishi, mahali unapoandika presha, ili atakayempokea mwezi ujao aendelee pale ulipoishia.

Nawe mama mwenye tarehe iliyoandikwa kwenye fishi yako, usisubiri mpaka uulizwe. Ikifika zamu yako, kabla hujapanda kwenye mizani, mwambie mwuguzi: mganga, silali, naogopa. Anza na hilo.